Mgando wa Baba

Baba yangu alitibiwa taifodi kwa antibiotiki, taifodi ikapona, tumbo likabaki. Lilimwendesha asubuhi, likamwendesha mchana. Yeye ndiye aliyekuwa akinadi sadaka za mazao nje ya kanisa kila Jumapili, kwa sauti ya kusikika hadi bondeni, na sasa hata kanisani haendi. Ibada za kwetu Malindi, huku milimani Lushoto, ni ndefu, na choo kiko mbali.

“Nikijichafua mbele ya watu, mwanangu, nitakuwa nimekufa,” aliniambia.

Nikaomba likizo kazini Tanga, nikapanda mlima kumuuguza.

Daktari wa Lushoto alitueleza kwamba utumbo wa mtu umejaa bakteria, na wengi wao ni wema: wanasaga mabaki ya chakula, wanawabana wabaya wasipate nafasi. Dawa ziliua wabaya, zikafagia na wema. Alishauri maziwa ya mgando kila siku, pamoja na maharage na mboga, ili bakteria wake mwenyewe waliosalia wapate chakula wazaliane upya. Hakuahidi muujiza. Alisema mwingine humsaidia, mwingine wala.

Nikaanza kazi, na asikudanganye mtu, kugandisha maziwa kwenye baridi ya Malindi ni kazi. Nilichemsha maziwa ya ng'ombe wetu, nikayaacha mpaka yawe vuguvugu, nikatia vijiko vya mgando wa jana, nikaifunga sufuria kwa blanketi kama mtoto mchanga na kuiweka karibu na jiko. Hapo bado majani ya ng'ombe, bado mashuka ya mgonjwa. Kuna asubuhi nilimchukia yule ng'ombe kwa moyo wangu wote.

Na tumbo la Baba likawa lilelile. Alinihakikishia kwamba anakunywa bakuli lote, na kweli bakuli nililikuta tupu kila nikirudi.

Siku moja niliwahi kurudi kutoka kukata majani. Nikamkuta Baba amechuchumaa jikoni, mgando wangu uko motoni unatokota, umekatika mabonge huku na maji huku.

“Shikamoo, Baba. Unafanya nini?”

“Marahaba. Nachemsha. Maziwa hayanywewi mabichi.”

Miaka nenda rudi bwana mifugo alimwomba atangaze pale mnadani kwamba maziwa yachemshwe, naye akatangaza kila Jumapili. Asingeweza kuvunja tangazo lake mwenyewe. Kwa hiyo kila siku alisubiri nitoke, akawachemsha wale bakteria niliowalea kwa blanketi, akanywa supu yao. Nilikaa chini nikalia kwa hasira. Halafu nikacheka, maana ningefanya nini?

Nikamweleza kwamba nayachemsha yakiwa mabichi, kabla ya kugandisha; ukiyachemsha tena baadaye umeua kile tunachokitafuta. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Ungesema mapema,” akasema.

Polepole tumbo likaanza kutulia. Sijui kama ni mgando, ni maharage, au ni muda tu. Daktari naye hakujua. Jumapili moja Baba alivaa koti lake, akakaa ibada nzima, kisha akatoka nje akanadi kabichi na mayai. Sauti haikufika bondeni, lakini waliosimama karibu walicheka alipowatania. Nilifurahi, nikatafuta pa kukaa nimsikilize.

Tuliporudi nyumbani akasema, “Nimepona. Yale maziwa sasa basi.”

“Siyo basi, Baba. Daktari kasema hao bakteria wa kwenye mgando hawahamii tumboni. Wanapita tu, wanasaidia wakiwa njiani. Ukiacha kunywa, baada ya muda mfupi hawapo tena.”

Likizo yangu ilikuwa inaisha. Begi lilikuwa kitandani, nusu limefungwa, na mlango ulikuwa wazi. Baba alilitazama.

“Sasa wewe ukiondoka, nani atanigandishia?”

Nilitaka kusema nitarudi mwisho wa mwezi, nitatafuta mtu, tutaona. Nilikuwa nimechoka mno hata kudanganya.

“Njoo jikoni, Baba, nikuonyeshe.”

Akaja. Akainua sufuria iliyojaa maziwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumpokea mzigo.