Siku ya Watoto Wagumu

Kuna watu wakikasirika hununa, wakavuta mdomo na kusubiri wabembelezwe. Sista Radi hakuwa na muda wa kununa. Hasira ikimpanda aliitoa hapo hapo, mbele ya aliyeiwasha, akaimaliza, kisha akaenda kunawa mikono na kurudi kazini. Jina la Radi alipewa na wauguzi wadogo, waliomwogopa kwa sauti yake na kumpenda kwa sababu ukizidiwa wodini ndiye wa kwanza kufika.

Alikuwa mkunga kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Baadaye hospitali ikampa kazi ya kuwafundisha wauguzi na wakunga namna ya kuwasaidia kina mama wanaonyonyesha. Darasa lake lilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, ubavuni mwa chumba cha dobi, kwa hiyo masomo yalinukia sabuni na mvuke. Juu ya meza palikuwa na titi alilolifuma mwenyewe kwa uzi wa sufu, na mdoli wa kitambaa aliyechakaa, ambaye mdomo wake ulikuwa mstari tu wa uzi mwekundu. Siku ya kwanza wanafunzi walicheka, wanaume zaidi. Siku ya pili hakuna aliyecheka, maana Sista Radi alikuwa amekwisha kuwauliza maswali.

Siku mbili hizo zilikuwa za mama mzima na mtoto mzima. Ya tatu ndiyo aliyoipenda, naye aliiita siku ya watoto wagumu. Hapo aliwafundisha habari za mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, asiye na nguvu ya kunyonya, mtoto mwenye ulimi uliofungwa, mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, na mama aliyewahi kupasuliwa titi. Wanafunzi walitoka siku hiyo vichwa vinawauma, na yeye akaona amefanya kazi.

Basi ndiyo siku hiyo mkuu wa mafunzo aliyoiona ni ya kukata. Mkuu huyu wauguzi walimwita Kwa-Ufupi, kwani hakuwa na sentensi isiyoanza na maneno hayo. Alikuwa mtu msafi, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, na hakuwahi kumsaidia mtu yeyote kunyonyesha wala kumwona anayenyonyesha ila kwa bahati mbaya.

"Kwa ufupi, Sista, siku ya tatu tunaiondoa," alisema. "Hizo kesi ni adimu. Tuwape watu yale ya msingi, tuwabandikie bango, wakafanye kazi."

"Mkuu, mtoto mzima hata bibi yake atamsaidia. Mimi nafundisha kwa ajili ya yule atakayewashinda."

"Atakayewashinda watampeleka kwa daktari."

"Watajuaje kuwa amewashinda?"

Kwa-Ufupi alitazama saa. Sista Radi alitoka akabamiza mlango, na mlango huo ulikuwa wa kioo. Lakini siku ya tatu ikakatwa, bango likaja. Lilikuwa zuri, halina budi kusifiwa: picha ya mtoto titini na alama nne za kuangalia. Mdomo umefunguka sana, mdomo wa chini umegeuka nje, kidevu kimegusa titi, weusi wa titi unaonekana zaidi juu kuliko chini. Chini yake, kwa herufi kubwa: ANAYESHIKA VIZURI ANASHIBA. Sista Radi alilitukana bango hilo mpaka dobi wakatoka kusikiliza. Kisha akafundisha nalo, kwa sababu ndilo alilokuwa nalo, na mazoea yana taabu. Baada ya muda mfupi akawa anazihesabu zile alama nne akiwa usingizini.

Mke wa mwanawe alijifungua Sista Radi akiwa mbali, kwenye zahanati ya nje ya mji, anafundisha. Mwanawe, fundi wa friji, alimtumia picha kwenye simu: mtoto titini, shavu limejaa, macho yamefumbwa. Bibi mwingine angeangalia kwanza mtoto amechukua pua ya nani. Huyu aliangalia mdomo, kidevu, weusi wa titi. Alama zote nne zilikuwapo, kamili kama za bango, pengine kupita za bango.

Furaha ilimjaa. Akaipitisha simu mkono kwa mkono darasani. "Mnaona? Mjukuu wangu kazaliwa anaijua kazi!" Darasa zima likapiga makofi. Hakutosheka, akaituma picha ile kwenye grupu la wauguzi wa hospitali, akaandika: Hivi ndivyo.

Aliporudi mjini hakupitia kwake, alikwenda moja kwa moja kwa mwanawe na begi lake begani. Sebuleni alimkuta wifi yake, dada wa marehemu mumewe, amekaa kwenye kochi kama hakimu.

"Wifi, afadhali umekuja," akasema yule, hata salamu haijakwisha. "Huyu mkweo maziwa yake mepesi, maji matupu. Mtoto analia hana raha. Na leo hata kulia ameacha."

Sista Radi alisikia neno hilo la mwisho, na miguu yake ikaenda yenyewe chumbani. Mkamwana alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto titini. Alama zote nne zilikuwapo. Mama mwenyewe alikuwa na macho ya mtu aliyesahau kulala kukoje.

"Mama, ananyonya kutwa kucha lakini hanywi."

"Mwanangu, anashika vizuri. Nimeiona hata picha."

Mkamwana aliinua uso. Alikuwa binti mpole, wa kusema "sawa, Mama" hata pasipo sawa. Siku hiyo upole ulikuwa umemwisha.

"Picha haikojoi, Mama. Nepi ni kavu tangu jana."

Sista Radi alishusha begi begani.

"Nilirudi wodini," mkamwana aliendelea, na sauti ilikuwa inatetemeka kwa hasira wala si kwa machozi. "Nikamwambia sista wa zamu kwamba maziwa yanamtokea puani. Akasema amepaliwa. Nikamwambia hashibi. Akanipeleka kwenye bango, tukasoma wote, moja mpaka nne. Nikang'ang'ania. Ndipo akatoa simu yake akanionyesha mwanangu mwenyewe. 'Mama mkwe wako ndiye mwalimu wetu,' akaniambia, 'naye keshaipitisha. Mama, ongeza bidii.' Nikarudi nyumbani kuongeza bidii."

Sista Radi alikwenda bafuni, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, akarudi akamchukua mjukuu wake. Alikuwa mwepesi mno. Utosi ulikuwa umebonyea. Akamtia kidole kidogo kinywani, kikapita juu ya ufizi, kikapita juu ya kaakaa sehemu ngumu, kikaendelea nyuma taratibu, halafu hakikugusa kitu. Palipotakiwa kuwa na nyama palikuwa na ufa. Mdomo kwa nje ulikuwa mzima, mzuri, wa kupigiwa makofi, na ndani hakukuwa na paa la kumwezesha kuvuta hata tone. Mtoto alikuwa ameshika titi siku zote hizo kama mtu anayenyonya mrija uliotoboka.

"Leta kikombe kidogo," alimwambia wifi yake. "Na lile neno la maji matupu lisirudi tena kinywani mwako ndani ya nyumba hii."

Wifi alikwenda mbio, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakurudisha neno. Mkamwana alikamua maziwa, yakatoka meupe, mazito. Wakamkalisha mtoto wima, wakayagusisha mdomoni mwake kidogo kidogo, akameza. Akameza tena. Mama yake alipoisikia sauti ile ya kumeza alilia, akasema hajawahi kuisikia. Kisha wakaita gari, wakamkimbiza hospitali, na daktari wa watoto akamlaza, akamwekea maji kwenye mshipa. Alisema wamewahi, lakini kwa namna alivyolisema neno hilo ilieleweka kwamba ingepita siku moja zaidi lisingesemwa. Kaakaa litashonwa akikua kidogo. Hadi hapo, kikombe.

Mtoto alipoanza kukojoa nepi zikalowa, Sista Radi alikwenda kwa Kwa-Ufupi. Hakubisha hodi.

"Pole sana, Sista, nimesikia," mkuu alisema, akasimama kwa heshima. "Kwa ufupi, ni bahati mbaya. Nimefuatilia wodini. Bango lilifuatwa."

"Ndilo lililotaka kumuua! Lilifuatwa! Muuguzi wangu mwenyewe alilifuata kama Maandiko, na mimi nikalifuata nikiwa na simu mkononi, nikacheka, nikawapigisha watu makofi. Mama wa mtoto peke yake ndiye aliyesema kweli, akaambiwa aongeze bidii!"

"Lakini hizi ni kesi adimu, na wewe unajua..."

"Adimu kwako uliyekaa kwenye kiti kinachozunguka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Mkuu. Kwangu ni mjukuu mmoja, kapatwa huyo huyo mmoja. Hesabu hiyo unaiitaje?"

Mkuu alivuta tai. Alijaribu kumpa saa moja. Akajaribu asubuhi moja. Sista Radi alisimama pale pale bila kukaa wala kutoka, na mwishowe siku ya tatu ikarudi, kwa sharti kwamba mkuu aje kuifungua mwenyewe, aone kama inastahili. "Njoo," alisema Sista Radi. "Kata kucha kwanza."

Kwa mkamwana ilikuwa vigumu zaidi. Tangu siku ile hawakugombana, na hilo lilimuumiza Sista Radi kuliko ugomvi. Alimwomba aje darasani na mtoto.

"Mwanangu, nimekosa. Nilitazama picha, sikukutazama wewe."

"Najua, Mama," mkamwana alisema. "Nitakuja, kwa ajili ya mwingine kama mimi. Ila mwanangu asipigiwe makofi tena."

Siku hiyo darasa lilijaa. Yule muuguzi wa zamu alikaa mbele, macho mekundu. Mkamwana alikaa nyuma karibu na dirisha, mtoto mapajani, kikombe kando. Kwa-Ufupi alianza hotuba, na Sista Radi akamkata katikati.

"Naweni mikono, nyote. Na wewe, Mkuu." Wakapanga mstari kwenye sinki, wakarudi mikono inawadondoka maji. "Nyumba njema si mlango. Mimi niliwafundisha kusimama mlangoni. Sasa kila mtu atie kidole kinywani mwake, aguse juu, aende nyuma. Pale pagumu mmepafikia? Endeleeni. Msiogope kutapika. Hapo panapoanza kuwa laini, mnapotaka kutoa kidole, ndipo mjukuu wangu alipokuwa hana kitu."

Walikaa vile, chumba kizima cha watu wazima wenye vidole vinywani, na mkuu wa mafunzo mbele yao, mate yanamchuruzika kwenye mkono wa shati lake lenye makali.

"Ha uhuhi..." alianza.

"Usitoe kidole, Mkuu. Nyamaza hivyo hivyo. Nyote nyamazeni, msikilize."

Mashine za dobi zilikuwa zimesimama. Kutoka nyuma, dirishani, ikasikika sauti ndogo: mtoto akimeza, akipumua, akimeza. Ile ambayo bango halikuiandika. Yule muuguzi wa zamu alifumba macho, kidole bado kinywani. Mkamwana hakumtazama mtu. Aliinamisha kikombe tena, akasubiri mwanawe ameze, na safari hii hakuna aliyepiga makofi.