Cucu Ameniita Jina la Binti Yake

Nimefutwa kazi leo juu cucu amenipenda kuliko mtoto wake.

Miaka mitatu nimemlea huyu nyanya Mkikuyu hapa Ruiru, mimi Mluhya. Binti yake Wanjiku yuko Ujerumani, analipwa kuosha wazee wa watu.

Asubuhi akapiga video call nikimlisha cucu uji.

"Maitu, mama yangu, unanijua?"

Cucu akaangalia simu, akanigeukia.

"Wanjiku, huyu mwanamke anataka nini?"

Nikacheka. Sawa, hapo nilikosea.

Saa nne Wanjiku ameniambia nipange nguo, mwingine anakuja kutoka Githurai.

Nikiwa mlangoni na begi, cucu akaniuliza, "Wanjiku, utarudi lini?"

Nikamwambia ukweli.

"Wanjiku harudi."

Semeni mtakavyo.