Rangi ya Ukuta wa Mbele

Kiherehere cha kupaka ule ukuta wa mbele kilikuwa cha mama fundi rangi mwenyewe, wala hakuna aliyemtuma. Majirani walikuwa wamekubaliana: jengo la benki iliyohama, lililokaa miaka bila mtu, walisafishe ndani tu. Nje liachwe na uchafu wake. Afisa wa mtaa alikuwa amewaruhusu kwa mdomo, na ruhusa ya mdomo haipendi kutazamwa sana.

Ndani palipendeza. Pale wateja walipokuwa wakipanga foleni waliweka magodoro na viti, wakawa wanawashindisha wazee na wagonjwa ambao watu wao huenda kazini. Mume wa fundi alikuwa mmoja wao. Tangu kiharusi kimwangushe alikuwa akishinda peke yake chumbani, mpaka maneno yakamwisha mdomoni. Kwenye ukumbi ule akapata mwenzake wa drafti, kinyozi mstaafu aliyeiba kete mchana kweupe. Jioni moja fundi alikuja kumchukua akamkuta anafoka: "Mwizi huyu! Mwizi!" Fundi aliketi kwenye ngazi, akalia kwa furaha.

Ndiyo maana akapaka. Alikuwa na rangi iliyobaki kazini, na aliona haya kuwapitisha wazee wa watu kila asubuhi mbele ya ukuta uliobambuka kama una upele. Akakwangua, akaziba nyufa, akapaka krimu chini na nyeupe juu. Mumewe, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi hiyo, alikalishwa ng'ambo ya barabara asimamie. "Safi," alisema.

Jengo likang'aa. Dalali aliyepita pale kila siku bila kugeuza shingo, safari hii akaigeuza. Haukupita muda akaja na mwenye jengo, mzee mpole ambaye ni kama alikuwa amesahau kwamba analo. Alizunguka, akaugusa ukuta.

"Nani kapaka?"

"Mimi, mzee."

"Una mkono mzuri, mama. Mnunuzi kalipenda akiwa bado yuko barabarani."

Akawashukuru wote, tena kwa dhati, kisha akawaomba watoe magodoro. Afisa wa mtaa alipopigiwa simu alisema hajui lolote kuhusu jengo hilo.

Majirani hawakumgombeza fundi. Bora wangemgombeza, maana alitamani atukanwe apumue. Kila aliyekutana naye dukani alimsalimia kwa upole uliomchoma roho. Kinyozi alichukuliwa na binti yake, akaenda kuishi mji mwingine. Wengine walirudi kila mtu na chumba chake.

Mumewe alielezwa mara nyingi, akawa anaitikia kwa kichwa. Hata hivyo, asubuhi moja fundi alipomaliza kupanga brashi zake, alimkuta kajivalisha kwa ule mkono wake mmoja mzima, vifungo vya shati kombo, viatu miguuni, amekaa ukingoni mwa kitanda akiutazama mlango.

"Twende, mama," alisema. "Tutachelewa."

Fundi alipiga magoti, akaanza kumvua viatu.