Makala ya Uvimbe Yapigwa Mnada

Mama alinipa habari za uvimbe wake kwa simu, mwishoni kabisa, baada ya habari za maana. Kwanza ng'ombe amezaa, ndama jike, Bwana asifiwe. Pili mvua imekuwa ya kuvizia. Tatu mchele wa Chekereni umepanda bei mpaka watu wamerudia ndizi kwa adabu. "Halafu nina kauvimbe hapa kwenye titi," akasema, "lakini hakaumi, kwa hiyo usihangaike." Nilikuwa maabara, Dar es Salaam, mbele ya hadubini, na kazi yangu ya kila siku ni uvimbe wa titi. Kusikia kwamba hakaumi ndiko kulikonihangaisha, maana uvimbe wa kuogopwa mara nyingi hauumi. Niliomba ruhusa, na kesho yake nikapanda basi la Moshi.

Lazima nieleze ninachofanya, maana hata kwetu hawajawahi kukielewa vizuri. Mimi ni mtafiti wa saratani, lakini seli ya saratani yenyewe siishughulikii sana. Nashughulika na wanaoizunguka: mishipa ya damu inayoilisha, nyuzinyuzi zinazoizingira, askari wa mwili ambao walipaswa kuimaliza lakini wamekaa tu wanaitazama. Makala yangu kuhusu mambo hayo ilikuwa imetoka muda si mrefu kwenye jarida la nje, na siku hizo nilikuwa natembea kwa maringo hata nikienda dukani. Mama nilipomweleza alifikiri kidogo. "Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo," akasema, "uje kuchunguza majirani?"

Nilimkuta kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, chini ya migomba, akikata majani ya ng'ombe, mzima kuliko mimi. Shikamoo, marahaba, mbona umekonda. Kuhusu hospitali alikuwa na ratiba kamili. Kwanza kahawa ichumwe. Kahawa ikishakauka kuna kipaimara cha mjukuu wa jirani. Kipaimara kikipita, tutaona. Nilipombana sana ndipo akatoa sababu yenyewe: uvimbe ukichomwa sindano unakasirika na kusambaa. Alikuwa na ushahidi. Kulikuwa na mwanamke wa Kiboriloni, muuza ndizi mwenzake sokoni, aliyechomwa sindano na hakumaliza mwaka. Nikamwambia huyo bila shaka alichelewa. Akaniuliza kama nilimjua. Sikumjua. "Basi," akasema, akanipakulia mtori wa ndizi.

Nilikasirika, nasema kweli. Watu wa nchi ambazo sijawahi kuzikanyaga wananiandikia kuniuliza habari za uvimbe, na mama yangu mzazi ananinyamazisha kwa mtori. Na ulikuwa mtori mzuri, jambo lililoniongezea hasira. Chini ya hasira kulikuwa na woga. Nilijua kinachoendelea ndani ya uvimbe unaosubirishwa kahawa, nilikuwa nimekiandika mimi mwenyewe.

Jumamosi jioni akaniuliza kama hiyo makala ninayo kwenye karatasi. Nilikuwa nayo. Akaigeuza huku na huku, akasifu picha za rangi, akaitia kwenye bahasha. Alitaka kuipeleka kanisani kesho yake aitoe kama shukrani, kwa kuwa ni mavuno ya mtoto aliyesomeshwa kwa kahawa. Sikuona ubaya. Nilidhani mchungaji ataiombea, kisha atanirudishia.

Asiyejua makanisa yetu ya mlimani aelewe kwamba sadaka huko si fedha tu. Watu huleta mkungu wa ndizi mshare, mayai, maziwa kwenye dumu, kuku aliyefungwa miguu, na ibada ikiisha vyote hutolewa nje kwenye nyasi na kupigwa mnada kwa faida ya kanisa. Kilichowekwa madhabahuni kimewekwa, hakuna cha kurudishiwa. Mimi niliyezaliwa humo nilikuwa nimesahau. Nikakumbuka nilipomwona mzee wa kanisa, mnadi wetu wa siku zote, akimsogeza pembeni jogoo mmoja mwekundu mwenye hasira na kuinua bahasha yangu juu.

"Hapa tuna maandishi!" akatangaza. "Yameandikwa na binti yetu. Yanahusu..." Akakisoma kichwa cha Kiingereza kimoyomoyo, midomo ikihangaika, akaghairi. "Yanahusu mambo mazito. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini mzee yule hajawahi kuacha kitu kikae bila bei, akaniita mbele. "Njoo uinadi mwenyewe, binti. Hawa hawawezi kutoa hela kwa kitu wasichokijua."

Nimewahi kuzungumza mbele ya maprofesa bila kutetemeka. Pale, kati ya mikungu na jogoo, hata salamu niliianza mara mbili. Picha za kuonyesha sikuwa nazo, nikatumia tunachokijua sote. Niliwaambia waifikirie saratani kama mkorofi mmoja aliyejenga katikati ya kihamba cha watu. Peke yake hana nguvu. Kwanza anauchepusha mfereji wa maji upite kwake. Kisha anajizungushia ua. Kisha anawanywesha walinzi mbege mpaka wanasinzia, huku yeye anamaliza migomba. "Makala yangu inahusu mfereji, ua na hao walinzi," nikasema. "Tunatafuta namna ya kuwaamsha."

"Kwani mbege ya nani hiyo?" sauti ikauliza nyuma.

"Mkorofi wa hivyo namjua," mwingine akasema, "na hati ya shamba anayo!"

Wakacheka, nami nikapata moyo. Bei ikaanza kutajwa. Makala ikaipita trei ya mayai, ikawa inamnyemelea kuku.

Ndipo jirani yetu akanyoosha mkono. Ni mwimbaji wa kwaya, na yeye na mama wamegombea sauti ya kwanza tangu sijazaliwa. "Binti," akasema, "huyo mkorofi akichomwa sindano, si atakasirika akimbilie mashamba mengine?"

Nikamjibu polepole kuliko nilivyowahi kumjibu mama. Sindano haimfukuzi. Inakwenda kumchungulia tu, ijulikane kama ni mkorofi kweli au ni mgeni asiye na madhara, maana uvimbe mwingi wa titi si saratani. Anayesambaa ni yule anayeachwa ajenge. Sijamaliza vizuri, sauti nyingine ikatoka upande wa akina mama, na hiyo sikuhitaji kugeuka kuijua.

"Na mtu akiwa na kauvimbe, na hakaumi," mama akasema, macho yake kwa jogoo, "hawezi kusubiri kahawa ichumwe? Kuna mtu mmoja ninamjua."

Kwetu hakuna aliyewahi kuuliza habari za mtu mmoja anayemjua halafu akawa anamsema mtu mwingine asiye yeye. Wote wakaelewa. Nilitaka kumkimbilia nimkumbatie mbele ya watu wote, ila angeniua. "Mwambie asisubiri, mama," nikasema, na sauti haikuwa ya mtafiti tena. "Mwambie namwomba sana asisubiri."

Yule jirani hakumtazama mama. Alitazama mlima, kana kwamba anapima mvua. "Kahawa ya huyo mtu tutaichuma sisi," akasema. "Na kesho asubuhi avae vizuri, namsindikiza mjini." Kisha akamgeukia mnadi kwa ukali, akataja bei, na akina mama wa kwaya wakamchangia hapo hapo mpaka makala ikampita jogoo. Hakuna hata mmoja wao anayesoma Kiingereza. Nasikia iko kwenye kabati lao, pamoja na vitabu vya nyimbo.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mama alinung'unika. Yule mwanamke kahawa haijui, atachuma na mbichi. Halafu ataiambia kwaya nzima kwamba tunda letu ni dogo. Lakini jioni alilipiga pasi gauni lake la kanisani.

Hospitalini mama alichomwa sindano bila kukunja uso. Aliyekaribia kuanguka ni mimi, mpaka muuguzi akanivutia kiti, na yule jirani akaniambia niache kuwaaibisha. Kipande kilichotolewa kikaingia kwenye kichupa chenye namba. Kwangu huwa vinakuja hivyo hivyo, namba tu, nami huvifurahia kwa rangi zake nzuri chini ya hadubini. Nilikitazama kile kichupa kikiondoka, nikaogopa kama mtoto.

Siku ya majibu tulikaa mbele ya daktari kijana, mpole, asiyezungusha maneno. "Mama, ni saratani," akasema. "Lakini ni ndogo, na hatujaona dalili kwamba imetoka hapo ilipo. Tunaweza kuiondoa." Neno hilo, saratani, nimeliandika kwa Kiingereza mara nyingi kuliko jina langu. Sikuwahi kulisikia likisemwa kwa Kiswahili, kwa mama yangu. Nikalia, tena kwa sauti, mbele ya daktari.

Mama akanivuta mkono. "Nyamaza, mwanangu," akaninong'oneza. "Watu watadhani hujui ulichoandika." Kisha akamgeukia daktari, akamuuliza upasuaji ni siku gani.