Gurudumu Lililolambwa na Ng'ombe

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka thelathini na mitatu vita viliponikuta Uvira, na tangu hapo havijaniacha nikae vizuri. Naanzia hapo kwa sababu ninyi mliopita kwangu kujifunza turbini, sasa mainjinia wa watu, mmeniandikia kwa sauti moja: “Mzee, uza vyuma, vuka uende Burundi.” Jibu langu ni hili. Lisomeni mpaka mwisho.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya primeri, basi. Chuo ndicho kilichowatuma kwangu kufanya staji, yaani kujifunza kazi kwa mikono, kwa kuwa turbini yangu, mashine ya umeme wa maji, kule mtoni juu ya mtaa wetu wa Songo ilikuwa inazunguka, na ile ya kwenye makaratasi yenu ilikuwa bado. Majirani walianza kuniita profesa ili wanicheke. Jina nililichukua, na bado ninalo.

Risasi zilipoanza kulia upande wa mto Ruzizi, niliwaita ninyi watano wa kwanza, tukaifungua mashine. Kila mtu akabeba chuma kimoja akifiche kwao. Dinamo ilienda Sange, ikalala chini ya magunia ya mpunga. Gurudumu la vikombe, lile linalopigwa na maji, mwenzenu wa Bijombo alilitwika kichwani akapanda nalo mlima siku mbili.

Mtaa mzima ulinijia juu. “Weye fundi, umerogwa? Gurudumu umewapa watu wa milimani, wanaofukuzwa na askari? Halitashuka tena!”

“Lisiposhuka, nitapanda kulifuata,” nikawajibu.

Moyoni niliogopa. Vikombe vile nilivifua kimoja kimoja, mwaka mzima. Bila gurudumu ningebaki fundi wa shimo lenye maji, na materniti ya mtaa, nyumba ya kuzalia iliyowaka taa kwa mashine ile, ingerudi kwenye kibatari.

Baada ya wiki mbili alikuja komanda na gari, anataka mashine nzima. Akakuta saruji tupu ya msingi, na maji yanapita zake.

“Mashine iko wapi?”

“Iko mu watu.”

“Watu gani?”

“Wale munawafukuza.”

Alinipiga makofi mawili. Jino moja lilibaki palepale mtoni. Hesabuni kuwa ni mchango wangu kwa utafiti.

Miaka miwili ilipita ndipo yule wa Bijombo aliposhuka, gurudumu kichwani. Nilifurahi mpaka nilipoligeuza. Vikombe vinne vilikuwa vimeliwa na kutu, unachungulia upande wa pili.

“Mulilifanyia nini?”

“Tulilificha, profesa.”

“Wapi?”

“Zizini. Askari walikuwa wanapekua nyumba zote. Mama akasema tuliache peupe, tujaze chumvi mu vikombe, ng'ombe walambe. Askari walipita mara tatu, hakuna aliyeuliza.”

Nilimtukana mpaka akakaa chini. Chumvi kwenye chuma! Mtu aliyefaulu kemia!

“Ningeweka nini basi?”

“Hata maharage!”

“Ng'ombe hawalambi maharage, profesa.”

Nikacheka, pengo wazi. Vikombe vinne vipya nilivikata kwenye lori lililoungua njia ya Sange. Mwezi huohuo materniti ikawaka.

Tangu siku hiyo, kila vita vinapokuja tunaifungua, na kila vinapopita tunaifunga. Barua yenu ilinikuta mashine ikiwa imetawanyika tena. Mtaa ukaniambia maneno yaleyale, na safari hii hata ninyi mlikuwa upande wao. Kisha juzi asubuhi gurudumu likashuka. Alilibeba binti wa yuleyule mwenzenu, limefungwa kwa majani ya migomba, kavu kabisa.

“Baba anasema hakuna chumvi,” akaniambia kabla hata ya kunisalimia.

Sasa niambieni. Kama ningekuwa nimevuka, huyu binti angelipeleka kwa nani? Siuzi. Sivuki. Anayetaka kunionea huruma aje na spana yake.

Jana vyuma vyote vilikuwa vimerudi, tukaifunga mashine. Leo niko na hivi: dinamo moja. Gurudumu moja la vikombe kumi na sita, vinne si vya rangi ya wenzao. Mkanda mmoja wa mashine, mzee. Spana saba, nyundo mbili. Nyumba ya mabati yenye matundu matatu ya risasi, yote nimeyaziba. Meno yote isipokuwa moja. Taa nne za materniti si zangu, lakini zinawaka.