Boti ya Shemeji na Majile Yaliyo Ndani ya Nailoni

Umenunua boti ya kutembelea ziwani. Hongera yako, lakini makofi utayapata kwa wengine. Mimi shule niliiacha Mibirizi nikiwa mdogo, kabla ya kuhamia Bukavu, maneno ya kitabu sina. Nitakuambia tu ni akina nani walimuua mke wangu, wewe ujitazame kama hufanani nao.

Wa kwanza ni shemeji, kaka yake mkubwa. Alikulia Bukavu kama sisi, akarudi Kamembe, biashara ya vitenge ikamkubali, akanunua boti nyeupe yenye viti laini, ya kukodisha kwa watalii na maharusi. Akataka ibarikiwe kwanza. Hapo sina neno. Tunabariki nyumba, tunabariki gari. Shida ni kwamba kwetu mtu akija kwenye baraka lazima aonje kile kitu. Nyumba mpya, ataketi sebuleni. Gari jipya, atazungushwa mpaka Gihundwe na kurudishwa. Basi mchungaji alipomaliza kuomba, wote wakapanda, na viatu vyao vya Jumapili. Boti ilitengenezwa kwa watu sita. Sisi tulikaa mpaka juu ya mapaja ya wenzetu. Shemeji hakuthubutu kumwambia hata mmoja abaki, aibu ilimtisha kuliko maji.

Wewe ukibariki yako, iache imefungwa ufukoni. Wanywe soda zao waende. Atakayenuna, anune.

Wa pili ni mke wa shemeji. Majile, yale makoti mekundu ya kuelea, yalikuwemo kwenye boti. Yalikuwa bado kwenye nailoni ya dukani, yamefungwa pamoja kwa kamba chini ya benchi, wezi wa pale bandarini wasiyabebe. Sisi tunaishi kando ya ziwa lakini wengi wetu hatujui kuogelea. Mke wangu maji aliyajua ya jerikani na ya beseni. Akaomba jile moja, kwa adabu, kama mtu anavyomwomba wifi yake.

"Mubiache mu nailoni," yule akamjibu. "Batalii bakikuja, babikute bipya. Wewe maman, unaogopa kuzama na pasta mwenye alibariki boti iko hapa?"

Watu wakacheka. Mke wangu naye akacheka, akaketi.

Ukitaka kufunika makochi yako mwaka mzima, funika. Rimoti yako ikae kwenye plastiki mpaka ife, ni shauri yako, rimoti haiui muntu. Jile ulipasue nailoni siku ile ile umelinunua. Kila mtu avae akiwa bado amesimama kwenye mawe ya ufukoni. Anayesema litamharibia kitenge kwenye picha, mwache huko huko na kitenge chake.

Wa tatu ni dereva. Alikuwa wa lori, shemeji akampa boti kwa sababu eti usukani ni usukani. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza, ziwa limekuwa na povu, kila mwenye macho aliliona. Wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wakamwambia angoje. Akawajibu kwamba wao wana makasia, yeye ana moteri.

Tulipofika mbali kidogo, mtu akasema Bukavu inaonekana vizuri, tupige picha. Wakasimama wote upande mmoja. Dereva wakati huo huo akakata kona, kama yuko barabarani. Wimbi likatukuta ubavuni, boti ikapinduka.

Mke wangu alinishika kola ya shati. Mimi nilishika boti kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikaingia chini kutafuta yale majile. Niliyapata. Nilivuta, kamba haikukatika. Niling'ata, ikateleza pamoja na nailoni. Nilipotoa kichwa kupumua, kola ilikuwa nyepesi.

Wavuvi ndio waliotutoa. Shemeji alitoka, mke wake alitoka, dereva alitoka.

Siku ya kumaliza kilio, familia ilileta pombe ya ndizi, mtungi mmoja, mrija mmoja, ili tunywe pamoja na neno liishe. Shemeji akasimama mbele ya watu akasema ulikuwa mpango wa Mungu, kisha akavuta, akanisogezea mrija. Wazee wakaninong'oneza nikubali, batoto bangu na bake ni ba ukoo mmoja.

Nikamuuliza, "Shemeji, ni Mungu alifunga ile kamba?"

Mke wake akaanza kulia kwa sauti, nikamwacha alie. Sikuweka mdomo kwenye ule mrija. Nikachukua batoto bangu, tukapanda kwetu kwa miguu, na mpaka leo nyumba yangu na ya shemeji hazisalimiani. Nasikia boti imepigwa rangi upya, inakodishwa. Ukiikodi, utamkuta maman huyo, mke wa shemeji, ufukoni akipokea wageni. Muulize alikataa kumpa nani jile.