Jino Nililong'olewa na Baba Mkwe

Nilimtaka binti wa mzee mmoja wa upande wa Kiptere, naye mzee hakunitaka mimi. Alisema kijana anayekwenda kuchuma majani ya chai ya Mzungu hana ng'ombe wala akili. Basi siku za mvua, nikiwa na mafua ya wiki nzima, jino langu la juu, la nyuma kabisa, lilipoanza kuuma, nilifurahi. Mzee yule ndiye aliyewang'oa vijana wetu meno mawili ya mbele ya chini, kama desturi ilivyotaka. Nikajiambia nitakaa mbele yake bila kukunja uso, aone mwanamume.

Jino la juu la nyuma hakuwahi kuligusa maishani, lakini hakuwa mtu wa kusema hawezi. Alilichokoa kwa chuma chake mpaka nikaona nyota mchana. Sikutoa sauti. Jino likatoka zima, bila tundu hata dogo, naye akaligeuzageuza kwa mashaka kabla ya kulitia katika kifuko chake cha tumbaku. Binti akaniletea kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, nikapiga funda kubwa la kishujaa. Maziwa yakanitokea puani.

Mzee alirudi nyuma hatua tatu. Binti alicheka mpaka akaketi chini, na hapo nikazidi kumpenda, ingawa kwa hasira.

Kesho yake nilikwenda kwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya shamba, mtu wa kutoka ziwani. Aliniuliza kama jino liliuma zaidi nilipoinama. Nikasema ndiyo, kila nilipoinamia kikapu.

"Jino yako haikuwa na makosa," akasema. "Ndani ya mfupa ya shavu iko chumba, na mizizi ya meno ya nyuma inafika kwa sakafu yake. Mafua ilijaa huko, ikafinya mizizi. Sasa huyo mzee amekufungulia mlango."

Akanionya nisipenge kwa nguvu, shimo litajifunga lenyewe. Lilichukua wiki tatu. Katika wiki hizo nilipita kwa mzee mara nyingi kuomba maji, nikayanywa pale anaponiona vizuri, yakanitoka puani.

Wazee wetu walipokwenda kuposa, shimo lilikuwa limekwisha kujifunga, na hilo nililijua mimi peke yangu. Mzee alikaa na majibu makali tayari. Nikaomba maziwa. Nilipoinua kibuyu, huku nikikitazama kile kifuko cha tumbaku, alisema upesi mbele ya wote kwamba amekubali. Ndipo nikanywa taratibu mpaka mwisho, na puani hakikutoka kitu.

Mzee alikichungulia kibuyu kitupu. Akafungua kifuko, akaniwekea jino langu kiganjani, nami nikaona haya kweli.

"Hili nililitoa kwa makosa," akasema polepole, mimi tu nisikie. "Kama na binti nimemtoa kwa makosa, hilo utanionyesha wewe."